Eti "dume halei": Tusijifiche nyuma ya wanyama



Usiku mmoja baada ya swala ya Isha tulikaa barazani jirani na msikiti wetu hapa Mpanda, tukinywa kahawa kama ilivyo kawaida yetu. Mazungumzo yalianzia kwenye bei ya mahindi, yakaenda kwenye treni ya Kaliua, mwisho yakamwangukia bwana mmoja wa mtaani kwetu ambaye alikuwa amemrudisha mtoto wa mkewe kwa bibi yake kijijini. Mke huyo alimwoa akiwa mjane mwenye mtoto mmoja. Mtoto amefika umri wa kuingia sekondari, na bwana yule amesema wazi kwamba hana wajibu wa kununua madaftari na sare za mtoto asiyekuwa wake.

Baadhi yetu walimlaumu. Lakini mzee mmoja, ambaye namheshimu na siku zote huzungumza kwa utaratibu, akaweka kikombe chini na kusema: "Mnamwonea bure. Hayo ni maumbile tu. Hata kwa wanyama, dume halei mtoto. Na akiwa mtoto wa dume mwenzake ndiyo kabisa, anaweza hata kumuua. Ustadh, wewe umesoma chuo kikuu, hebu tuambie, sivyo?"

Nilijibu kama tunavyojibu siku zote sisi walimu. Nilitaja Suratul Maun, nikasema kuhusu anayemsukuma yatima, watu wakaitikia, tukaagana. Lakini nilirudi nyumbani na aibu. Aibu yenyewe haikutokana na mzee yule. Ilitokana na kanzu.

Ndugu msomaji, nami mke wangu nilimwoa akiwa mjane. Alikuja na mtoto wa kiume ambaye baba yake alifariki kwa ajali, na baada ya hapo Allah (SW) akaturuzuku wengine wawili. Idd el-Fitri iliyokuwa imepita niliwashonea kanzu wale wawili wadogo. Yule mkubwa nilimwambia mama yake kwamba baba zake wadogo wa Tabora bila shaka watamletea kitu. Hawakuleta, na mimi nilijua kwamba hawataleta. Asubuhi ya Idd mtoto akasema tumbo linamuuma, akabaki nyumbani. Sikumuuliza zaidi. Nilienda uwanjani na wanangu wawili wakiwa wameng'aa, nikaswali, nikakumbatiana na watu.

Kwa hiyo mzee aliposema "ni maumbile", sehemu fulani ya moyo wangu ilifurahi. Ilipata wakili. Ndiyo sababu nikaona nisiliache swali lile hivi hivi. Je, ni kweli kwamba dume halei? Na hata ikiwa ni kweli, inamhusu nini mwanadamu?

Sisi wa Katavi hatuna sababu ya kwenda mbali kulitafuta jibu la swali la kwanza. Kaskazini ya Ikola na Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ipo milima ya Mahale, ambayo imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985. Sokwe wa huko walianza kuchunguzwa mwaka 1965 na Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakiongozwa na Toshisada Nishida. Mbele zaidi, jirani na mji wa Kigoma, ipo Gombe, ambako Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 1, 2025, alifika Julai 1960 akiwa bado msichana. Hata ndani ya mkoa wetu, katika misitu ya Ntakata wilayani Tanganyika, sokwe wapo. Kwa hiyo baadhi ya mambo ambayo dunia nzima inayajua kuhusu mnyama huyu yamejulikana kutoka kwenye misitu ambayo wavuvi na wakulima wa kwetu wanaiona kwa macho.

Nilivyosoma, mzee yule hakusema uongo. Huko Mahale watafiti wameandika mara kadhaa, tangu miaka ya 1970 na 1980, juu ya madume wazima kumnyang'anya mama kichanga, kumuua na kumla. Tukio moja lilitokea Desemba 2014. Mama aliyepewa jina la Devota alijifungua akiwa katikati ya wenzake. Dume mzima aliyepewa jina la Darwin akakinyakua kichanga pale pale kilipotoka, akaondoka nacho, na baadaye akaonekana akikila. Watafiti walipoandika habari hiyo walieleza jambo lililokuwa likiwashangaza kwa miaka mingi: kwa nini sokwe jike akikaribia kujifungua hujitenga na kundi, na huonekana tena baada ya siku nyingi mtoto akiwa ameshapata nguvu. Inaelekea anamficha mwanawe.

Wanasayansi wametoa sababu. Sokwe jike anayenyonyesha hapati mimba kwa muda mrefu, na kwa kawaida kati ya mtoto na mtoto hupita miaka mitano au sita. Mtoto akifa, mama hurudi mapema katika hali ya kuweza kushika mimba. Dume anayeua mtoto asiyekuwa wake hujifupishia muda wa kungoja. Maelezo ya namna hii yalipata nguvu katika miaka ya 1970 kutokana na kazi ya mama mmoja wa Kimarekani, Sarah Hrdy, aliyechunguza nyani wa huko Mount Abu, India. Kwa upande wa sokwe wa Mahale bado kuna mabishano, kwa sababu pale madume na majike ni wa kundi moja, na dume anayeua anaweza akawa ndiye baba mwenyewe bila kujua. Sokwe hawana ndoa. Jike hupandwa na madume wengi, na hakuna anayetangaza kwamba huyu ni wangu.

Kama habari ingeishia hapo, mzee angekuwa ameshinda. Lakini haishii hapo.

Misitu hiyo hiyo imetoa habari nyingine. Mtoto wa sokwe ana kishungi cha manyoya meupe kwa nyuma, na madume wazima kwa kawaida humvumilia mwenye kishungi hicho. Mtoto atampanda dume mgongoni, atamvuta manyoya, atachezea mkono wake, na lile dume ambalo dakika chache kabla lilikuwa likitisha kundi zima hutulia tu. Mwaka 2016 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliopitia kumbukumbu za miaka mingi za Gombe na kutumia vinasaba kumjua baba halisi wa kila mtoto. Walikuta kwamba akina baba walikuwa karibu zaidi na mama wa watoto wao wakati watoto wakiwa wachanga, na waliwashughulikia watoto hao zaidi ya ilivyotarajiwa. Kwa hiyo hata pasipo ndoa kuna kitu kinachomvuta dume kwa mwanawe, ingawa hatujui anamtambuaje.

Mtu atasema: "Sawa, huyo ni mwanawe. Sisi tunazungumzia mtoto wa mwenzako." Basi na asikilize kisa cha Mel.

Mwaka 1987 ugonjwa mfano wa nimonia uliingia Gombe ukaua sokwe wengi. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Miff, mama yake Mel. Mel alikuwa na umri wa miaka mitatu na kidogo, dhaifu, hana kaka wala dada wa kumtunza. Goodall na wasaidizi wake walijua atakufa, kwa sababu mwaka 1972 waliwahi kumwona Flint, wa miaka minane, akifa wiki chache tu baada ya mama yake Flo. Akajitokeza Spindle, dume kijana wa miaka kumi na miwili, ambaye naye ugonjwa ule ule ulikuwa umemchukua mama yake. Hakuwa na udugu wa karibu na Mel. Akawa anambeba mgongoni, na mvua ikinyesha anamkumbatia kifuani. Usiku alimpokea katika kiota chake. Mel akinyoosha mkono kuomba chakula, alipewa.

La kushangaza zaidi ni hili. Dume mzima wa sokwe anapojitutumua hukimbia huku na huko akikokota matawi na kurusha mawe, na mtoto anayezubaa njiani anaweza kukokotwa kama tawi. Wakati kama huo madume vijana hukaa mbali kwa kujilinda. Spindle alikuwa akikimbilia humo humo kumtoa Mel, na mara nyingine kipigo kilimwangukia yeye. Mel hakufa.

Tusidhani huyo ni mmoja tu aliyepotea njia. Katika msitu wa Taï, nchini Ivory Coast, watafiti walitangaza mwaka 2010 kwamba wameshuhudia mara 18 yatima wa sokwe wakichukuliwa na kulelewa na wengine. Nusu ya walezi hao walikuwa madume, na kati ya madume hao ni mmoja tu aliyekuja kuthibitika kuwa ndiye baba wa mtoto. Na kwa gorila wa milimani wa Rwanda, taarifa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba watoto waliokwisha kupita umri wa kunyonya na wakafiwa na mama hawakuwa wakifa zaidi ya wenzao wenye mama. Kundi huwapokea, na aliye mbele katika kuwapokea ni dume kiongozi, yule mkubwa mwenye mgongo wenye mvi. Hata hivyo, gorila hao hao, kiongozi wa kundi akifa na dume mgeni akaingia, huenda mgeni akaua watoto wachanga anaowakuta. Aliyetunza na aliyeua ni wa jinsi moja, wa mlima mmoja.

Sasa ndugu msomaji, hapa ndipo fikra zinapotakiwa kufanya kazi. Nilipoisoma habari ya Spindle, nilitaka kurudi barazani kesho yake nimwambie mzee: "Umeona? Dume analea. Kwa hiyo yule bwana amrudishe mtoto." Nikajizuia, kwa sababu niliona kwamba ningekuwa nafanya kosa lile lile alilofanya yeye. Yeye alimchagua Darwin ili amtetee mtu anayefukuza. Mimi ningemchagua Spindle ili nimtetee mtu anayelea. Tungekaa pale mpaka asubuhi, kila mmoja anatoa mnyama wake mfukoni, na hakuna ambaye angekuwa amejibu swali. Mnyama akifanywa hakimu wa maadili yetu, lazima tumpokee mzima mzima. Ukimfuata katika kulea yatima, mfuate pia katika kula kichanga na katika kutokujua mtoto ni wa nani. Hakuna hata mmoja pale barazani, akiwamo mzee mwenyewe, aliye tayari kwa hilo.

Kusema kwamba jambo fulani hutokea ni habari. Kusema kwamba jambo fulani litendwe ni hukumu. Habari peke yake haizai hukumu. Magugu humea shambani kwa maumbile, na hakuna mkulima wa Mwese au Karema anayeyaacha kwa hoja kwamba ni maumbile. Homa ni maumbile, na tunaitibu. Darwin wa Mahale hakutenda dhambi, na Spindle wa Gombe hakujipatia thawabu, kwa sababu wote wawili hawana taklifu. Amana iliyotajwa katika Suratul Ahzab, ambayo mbingu, ardhi na milima viliogopa kuibeba, sokwe hakuibeba. Aliyeibeba ni mwanadamu. Basi mwanadamu anaposema "hata wanyama", anakuwa anajaribu kuitua amana ile bila ya kibali cha mwenyewe.

Huenda msomaji akaniuliza: "Ikiwa mnyama si hoja, kwa nini umetupitisha Mahale na Gombe muda wote huu?" Ni swali la haki. Jibu nimelipata katika kisa tunachowafundisha watoto wa madrasa kila mwaka bila ya kukifikiri sana. Mtoto wa Adam alipomuua ndugu yake na akawa hajui afanyeje na maiti, Allah (SW) alimleta kunguru akifukua ardhi (Qur'an 5:31). Kunguru hakumletea sharia. Alimwondolea udhuru. Muuaji akaona kwamba kiumbe mdogo kuliko yeye ameweza jambo ambalo yeye limemshinda, akajuta.

Hiyo ndiyo kazi ya Spindle kwetu. Tazama vizuri maana ya mtu anaposema "ni maumbile". Haelezi tu kwamba jambo hutokea. Anadai kwamba hana uwezo wa kufanya vinginevyo, kwamba moyo wa dume umefungwa kwa mtoto wa mwenzake na hakuna ufunguo. Dai la kutokuweza huangushwa na mfano mmoja tu wa aliyeweza. Dume kijana, asiye na Kitabu, asiye na mtume, asiye na hata neno "yatima" kinywani mwake, amembeba mtoto wa mwenzake mgongoni. Basi mlango haujafungwa. Wajibu wetu haukutoka kwake, wajibu una chanzo chake kingine. Kwake kumetoka jambo moja tu: hatuwezi tena kusema hatuwezi.

Na hili halipingani na mafundisho yetu. Bukhari na Muslim wamepokea mafundisho ya Mtume (SAW) kwamba Allah ameigawa rehema sehemu mia, akateremsha moja tu duniani, na kutokana na hiyo moja viumbe huhurumiana, hata mnyama huinua kwato asimkanyage mwanawe. Rehema ya wanyama kwa hiyo tulishaambiwa ipo. Ni aya ya kutazama, si fatwa ya kufuata.

Kuna jambo jingine lililonifikirisha. Wanalugha wa Kiarabu wa zamani walisema kwamba kwa wanadamu yatima ni aliyefiwa na baba, na kwa wanyama yatima ni aliyefiwa na mama. Nilijifunza hivyo chuoni nikapita tu. Sasa naona uzito wake. Mel alikuwa yatima siku mama yake alipokufa. Kama baba yake alikufa mwaka uliotangulia, hakuna aliyehesabu. Mtoto wa binadamu anahesabiwa yatima anapomkosa baba, maana yake ni kwamba kwetu sisi baba ni mtu anayejulikana, mwenye jina, mwenye wajibu, ambaye asipokuwapo pengo linaonekana. Ubaba wa kibinadamu una damu ndani yake, lakini umesimama pia juu ya nikaha, jina na ahadi. Mwanamume anayesema "mimi ni dume tu" anajishusha kutoka kwenye daraja ambalo lugha yenyewe imempa.

Na katika mkoa wetu hili si jambo la barazani tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba Katavi ndiyo iliyokuwa ikiongoza nchini kwa mimba za umri mdogo: wasichana asilimia 45 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 27. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta kiwango cha nchi kimeshuka hadi asilimia 22, na tunamshukuru Allah kwa hilo. Lakini watoto waliozaliwa miaka ile sasa wapo madarasani mwetu. Mimi nawafundisha. Wengi ukiwauliza jina la baba wanataja jina la babu mzaa mama. Baba zao hawakufa. Wapo Mpanda, wapo machimboni, wapo wanaouza duka. Sokwe dume wa Mahale pengine hamjui mwanawe. Hawa wanawajua, na wanawakana. Yupi kati yao aliye na udhuru?

Watoto hao, wakija kuolewa mama zao, ndio wanaokuwa watoto wa kambo wa watu kama mimi na yule bwana wa mtaani. Hivyo mtoto anakanwa mara mbili: mara ya kwanza na aliyemzaa, mara ya pili na aliyemkuta.

Nataka kuwa mkweli kuhusu fiqhi, kwa sababu najua wapo watakaoniandikia. Ni kweli kwamba kwa wanazuoni walio wengi nafaka ya mtoto wa kambo si faradhi juu ya mume wa mama yake. Ni kweli kwamba nasaba haibadilishwi: Suratul Ahzab imetuamrisha tuwaite watoto kwa baba zao. Mtoto niliye naye nyumbani ana jina la marehemu baba yake na atabaki nalo, na mirathi yangu haimhusu kama inavyowahusu wadogo zake. Yote hayo sawa. Lakini nimegundua kwamba mimi, mwalimu, nilikuwa nikiitumia fiqhi kama mzee alivyokuwa akimtumia mnyama. Nilikuwa nimejificha nyuma yake. "Si faradhi" ilikuwa kanzu yangu nzuri ya kufunika uchoyo.

Maana mtoto huyu pamoja na kuwa wa kambo ni yatima. Na habari ya yatima haikuachwa katika mambo ya hiari tu. Suratul Dhuha imekataza asionewe. Suratul Baqara (2:220) imesema tukichanganyika nao ni ndugu zetu. Na yule anayemsukuma yatima katika Suratul Maun ametajwa kuwa ndiye anayekadhibisha dini, akaunganishwa na wanaoswali huku wameghafilika na swala zao. Mimi asubuhi ile ya Idd nilikuwa uwanjani naswali. Na ukitoka kwenye Kitabu ukaenda kwenye sheria ya nchi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuishia kwa mzazi. Imemtaja pia mlezi na mtu mwingine yeyote anayekaa na mtoto chini ya uangalizi wake, kwamba ana wajibu wa kumtunza kwa chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu.

Inabaki hoja moja nzito, nayo ni ya moyo. Mtu anaweza kusema: "Naweza kununua kanzu, lakini siwezi kumpenda kama ninavyompenda niliyemzaa." Hiyo nakubali. Hata baba wa Gombe alivutwa zaidi na wa damu yake, na sioni kwamba mvuto huo ni kosa. Lakini Qur'an imeshatufundisha namna ya kukaa na moyo usio sawa. Katika habari ya wake (4:129) tuliambiwa kwamba hatutaweza kulingana sawa hata tukitaka, kisha tukakatazwa kuelemea upande mmoja moja kwa moja na kumwacha mwingine ananing'inia. Moyo haukuhukumiwa, mkono umehukumiwa. Sikuambiwa niwe na hisia zile zile. Niliambiwa nisimwache mtoto ananing'inia siku ya Idd.

Na tunao mfano ambao si wa msituni. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto mdogo ambaye baba yake alifariki kwa jeraha la vita vya Uhud, na mama yake, Ummu Salama (RA), akaolewa na Mtume (SAW). Kijana huyo mwenyewe ndiye aliyesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huko katika sahani, na Mtume (SAW) akamfundisha ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia na ale kilicho mbele yake. Sisi huitumia hadithi hii kufundisha adabu za kula. Tunasahau kuuliza kijana alikuwa anakula na nani. Alikuwa mtoto wa kambo, na mkono wake ulikuwa katika sahani moja na Mtume wa Allah. Aliyemkosoa alimkosoa kama anavyokosolewa mtoto wa nyumbani.

Kwa hiyo nina mambo mawili ya kuomba. La kwanza ni kwa maimamu na wanaosimamia ndoa zetu: anapokuja mtu kuoa mjane au mtalikiwa, kabla ya kuulizwa mahari, aulizwe mbele ya mawalii kuhusu watoto. Watakaa wapi, nani atawasomesha, baba yao kama yupo hai atatoa nini. Jambo likisemwa mapema mbele ya watu, ni vigumu baadaye kulikimbia kwa jina la maumbile. La pili ni kwa akina baba waliozaa na wakakimbia: mjue kwamba mtoto wako analishwa na mwanamume mwingine, na Siku ya Kiyama hutaweza kumleta sokwe akutolee ushahidi.

Ama yule bwana wa mtaani, nilimfuata nyumbani kwake mimi na yule mzee wetu. Sikumsomea aya. Nilimweleza habari ya kanzu yangu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema atafikiri. Mpaka naandika haya bado anafikiri, na mtoto bado yuko kwa bibi yake. Tumekubaliana pale barazani kwamba madaftari tutachanga.

Na kanzu niliishona. Nilikwenda kwa fundi sokoni na mtoto mwenyewe, akapimwa, akachagua kola anayoitaka. Njiani nilimwambia kwamba siku ya Idd nilikosea. Akasema, "Haina neno, Ustadh." Wadogo zake huniita baba, yeye huniita Ustadh kama ninavyoitwa shuleni. Sikumwomba abadilishe. Ana baba yake, Allah amrehemu. Mimi nina wajibu wangu kwake, na wajibu huo hauhitaji jina hilo ili utekelezwe.

Wallahu a'lam.